Friji Kuukuu Isiyoshika Baridi

Katika vijiji vya Bahati, Njoro, Subukia na Molo, maziwa ya asubuhi hayana taabu kubwa. Hukamwa kabla ya jua kuchomoza, yakapelekwa kwa pikipiki au kwa gari hadi kituo cha ushirika, yakapimwa, na jua halijawa kali yamekwisha kuingia katika tangi la baridi. Taabu iko katika maziwa ya jioni. Ng'ombe hukamwa tena saa kumi au saa kumi na moja, wakati gari la maziwa limekwisha kupita kitambo, na hapo mkulima hana budi kuchagua: ama awanyweshe ndama, ama awauzie majirani kwa bei watakayo wao, ama ayahifadhi mpaka asubuhi. Maziwa hutoka katika kiwele yakiwa na joto la digrii 37 au 38 za sentigredi, nayo yakiachwa katika joto hilo vijidudu huongezeka maradufu mara nyingi kabla hakujapambazuka. Asubuhi yake karani wa kituo hutia spiriti kidogo katika maziwa, na akiona yanashikana madonge hukataa mkebe mzima bila maneno mengi.

Kwa sababu hiyo, nguzo za umeme zilipoanza kufika vijijini kwa wingi baada ya mwaka 2015, wako wakulima ambao baada ya taa na televisheni walitafuta friji. Aghalabu haikuwa friji mpya. Ilinunuliwa mjini Nakuru kwa mtu aliyekuwa akihama, au katika duka la vitu vilivyokwisha kutumika ng'ambo, ikapandishwa juu ya pikapu na kufungwa kamba. Miezi ya kwanza mambo huwa mazuri, na watoto hupata kula barafu. Kisha siku moja mama wa nyumba hufungua mlango alfajiri akasikia harufu ya uchachu. Taa ya ndani yawaka, mashine yanguruma kama desturi, lakini maziwa yamekatika. Ikiwa ni lita 5 kila jioni, basi kwa mwezi mmoja ni lita 150 zisizofika kituoni, na lita hizo zilikuwa zimekwisha kuhesabiwa katika karo ya shule au deni la chakula cha ng'ombe.

Neno la kwanza lisikikalo hapo ni hili: "Gesi imekwisha." Husema jirani, husema mpita njia, na kwa bahati mbaya husema pia baadhi ya mafundi kabla hawajainama kutazama nyuma ya mashine. Lakini gesi ya friji si kama mafuta ya taa katika kandili, ambayo huungua na kupungua kila usiku. Imefungwa katika mabomba yasiyo na mlango, nayo huzunguka humo tangu siku ilipotiwa kiwandani. Kama hapana tundu, gesi iliyotiwa miaka 30 iliyopita ingalimo yote. Ikiwa imepungua, imetoroka. Na ikiwa imetoroka, pana tundu. Mtu alipiaye gesi mpya bila tundu kutafutwa na kuzibwa amenunua baridi ya majuma machache tu.

Yafaa basi kujua kwanza kazi ya friji ni nini. Friji haitengenezi baridi. Kazi yake ni kutoa joto. Kila aliyepata kudungwa sindano aujua ule ubaridi wa spiriti ipakwapo mkononi. Spiriti hugeuka mvuke, na katika kugeuka huko huchukua joto la ngozi. Ndani ya friji mambo ni yayo hayo. Gesi iliyo katika hali ya maji hupita katika mabomba ya kisanduku cha barafu, hugeuka mvuke, na kuchukua joto la maziwa, nyama na mboga. Kompresa, yaani ile pampu nyeusi iliyo chini kwa nyuma, huuvuta mvuke huo na kuukandamiza hata ukawa moto, kisha huusukuma katika mabomba membamba yaliyo mgongoni. Hapo joto hutoka likaingia jikoni, na mvuke hurudi kuwa maji ili uanze safari upya. Joto lote lililokuwa katika maziwa lapaswa kutokea mgongoni. Friji isiyoshika baridi ni ile ambayo joto limezuiliwa lisitoke, au ambayo joto laingia upesi kuliko litokavyo. Sababu za mambo hayo mawili ni nyingi, na sehemu kubwa yake hazihitaji kitu ila macho, kitambaa na maji ya moto.

Dalili ya kwanza huenda isionekane katika friji bali katika mita. Nyumba nyingi siku hizi hununua umeme mbele kwa tokeni, na mwenye nyumba ajua tokeni ya kiasi fulani humfikisha siku gani. Friji ya wati 120 ikifanya kazi saa 24 bila kupumzika hula karibu yuniti 3 kwa siku. Ikiwa nzima na kupumzika nusu ya muda, hula nusu yake. Basi tokeni zikianza kwisha mapema na hapana pasi mpya wala redio mpya iliyoingia nyumbani, yafaa kuisikiliza friji kabla maziwa hayajakatika.

Kuisikiliza ni kazi halisi, wala si mzaha. Friji nzima hunguruma kwa muda, hunyamaza, kisha huanza tena. Friji mbovu huwa na mojawapo ya tabia tatu: ama iko kimya kabisa, ama hujaribu kuanza na kushindwa, ama hunguruma mchana kutwa na usiku kucha bila kunyamaza.

Iliyo kimya ndiyo nyepesi. Simu na ichomekwe katika soketi ile ile, ionekane kama yapata chaji. Plagi na ifunguliwe ikiwa imechomolewa, fyuzi itazamwe. Na kile kitufe cha kuzungusha kilicho ndani, kiitwacho themostati, kitazamwe pia, maana watoto wapenda sana kukizungusha, na kikifika kwenye sifuri friji hulala ijapokuwa taa yake yaendelea kuwaka. Pamekuwa na watu waliolipa nauli ya fundi kutoka Nakuru hadi Solai kwa ajili ya kitufe hicho.

Ile ijaribuyo kuanza na kushindwa hutoa sauti ya kunguruma kwa sekunde chache, halafu hulia "tik", ikanyamaza, na baada ya dakika kadhaa ikajaribu tena. Hapo umeme wenyewe watuhumiwa kwanza. Nchini Kenya umeme wa nyumbani ni wa volti 240, lakini nyumba iliyo mwisho wa waya, mbali na transfoma, huenda isipate kiasi hicho, hasa kati ya saa moja na saa tatu usiku wakati kila nyumba imewasha vyombo vyake. Ikiwa taa za nyumbani hufifia saa hizo na friji hushindwa saa hizo hizo, kosa si la friji. Mwenye nyumba na apige ripoti kwa kampuni ya umeme, na kwa muda huo aichomoe friji badala ya kuiacha ijichoshe. Waya mwembamba wa kuunganishia, uliovutwa kutoka chumba kingine kupitia dirishani, huleta udhaifu uo huo. Friji yataka soketi yake yenyewe, yenye waya wa ardhini, maana mwili wake ni wa bati, na mtu aushikaye akiwa peku kwenye sakafu yenye maji aweza kupigwa na umeme.

Tena umeme ukikatika na kurudi papo hapo, kompresa hukuta mvuke ungali umekandamizwa upande mmoja, nayo haiwezi kuusukuma. Huunguruma bure na kupata moto. Dawa yake ni kungoja dakika 5 kabla ya kuirudisha. Kipo kifaa kidogo kichomekwacho kati ya plagi na soketi kifanyacho kazi hiyo chenyewe, na bei yake ni ndogo sana kuliko bei ya kompresa. Lakini kama umeme ni mzuri na "tik" yaendelea, basi huenda ikawa relei, yaani kile kiwashio kidogo kilichobanwa ubavuni mwa kompresa. Hicho chaweza kubadilishwa kwa gharama ndogo, na fundi mwenye kipimo chake. Asiyejua umeme asikiguse.

Sasa ile isiyonyamaza. Hiyo ndiyo iwatesayo wengi, kwa kuwa kila kitu chaonekana kuwa kizima. Wengi husema kuwa jina la Nakuru latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya vumbi, na mtu aliyepata kukaa huko kati ya Januari na Machi, upepo ukivuma, hana haja ya kuthibitishiwa. Vumbi hilo hupanda mgongoni mwa friji na kukaa juu ya yale mabomba membamba. Katika jiko la kuni au makaa moshi na mvuke wa mafuta huligandisha likawa kama blanketi. Joto lililopaswa kutoka hukwama humo, na kompresa hufanya kazi ya punda kwa faida ndogo. Friji na ichomolewe, ivutwe mbele, isuguliwe mgongoni kwa brashi laini mpaka mabomba yaonekane rangi yake, kisha ifutwe kwa kitambaa kikavu. Irudipo mahali pake pasipungue upana wa kiganja kati yake na ukuta, wala isisimame karibu na jiko wala palipo na jua la dirishani. Ziko friji ambazo mabomba hayo yamefichwa ndani ya mbavu. Hizo mbavu zake huwa na uvuguvugu, na zisibanwe kwa magunia ya mahindi, kama ionekanavyo katika nyumba nyingi wakati wa mavuno.

Baada ya mgongo, mlango. Ukingoni mwa mlango pana mpira wenye sumaku ndani yake, nao ndio ukuta kati ya joto la jikoni na baridi ya ndani. Mpira ukipasuka au kukauka, hewa yenye joto na unyevu huingia usiku na mchana. Jaribio lake halihitaji fundi. Noti ya shilingi 100 yawekwa kati ya mpira na mwili wa friji, mlango wafungwa, kisha noti yavutwa polepole. Ikishikwa na kutoka kwa shida, mahali hapo ni pazima; ikiteleza kama iliyo mezani, hapo ndipo baridi itokapo. Jaribio hilo lirudiwe pande zote nne, hasa upande wa bawaba na pembe ya chini. Mpira mchafu huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Uliojikunja hulainishwa kwa kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto, kisha hunyoshwa kwa vidole na mlango hufungwa mpaka upoe. Mara nyingi huo ndio mwisho wa matengenezo. Mlango ulioinama kwa kubebeshwa chupa nzito huinuliwa kwa kukaza parafujo za bawaba, na miguu ya mbele ya friji huinuliwa kidogo kuliko ya nyuma, ili mlango ujifunge wenyewe ukiachwa.

Kosa lililo baya kuliko yote, kwa kuwa haliponi kwa urahisi, ni kisu. Hewa yenye unyevu iingiapo hugeuka barafu juu ya kisanduku, na barafu ikizidi unene wa penseli huwa yenyewe blanketi, ikizuia baridi isiwafikie maziwa na nyama. Kuiondoa ni wajibu. Lakini watu hawana subira. Mgeni amekaa sebuleni, nyama imeshikana na barafu, na kisu ki karibu. Mama hupiga mara mbili, mara tatu, kisha husikia mlio kama wa gurudumu la baiskeli litoapo pumzi. Ukuta wa kisanduku hicho ni bati jembamba la aluminiamu, na gesi yapita ndani yake. Katika muda mfupi yote imetoka, na friji iliyokuwa na ugonjwa wa kuoshwa tu sasa yataka matengenezo makubwa, maana aluminiamu si rahisi kuchomelea kama shaba. Mlio huo ukisikika, jiko na lizimwe, kiberiti kisiwashwe, madirisha yafunguliwe. Zipo friji zenye gesi iwezayo kushika moto.

Njia iliyo sawa ni ya uvivu. Friji huchomolewa, vyakula hutolewa, bakuli la maji ya moto huwekwa ndani ya kisanduku, mlango huachwa wazi, na barafu huanguka yenyewe vipande vipande. Maji huchotwa kwa kitambaa. Ikianzwa baada ya maziwa ya asubuhi kwenda kituoni, kazi huwa imekwisha kabla ya adhuhuri, na friji hupata kupoa tena kabla ya ukamaji wa jioni.

Ziko friji zisemwazo kuwa hazioti barafu, zenye friza juu na feni ndogo iliyofichwa nyuma ya ubao wa ndani. Feni hiyo ndiyo ipulizayo baridi ishuke katika sehemu ya chini. Ugonjwa wake wajulikana kwa dalili moja: juu nyama yaganda kama jiwe, chini maziwa yachacha. Huenda matundu ya hewa yamezibwa na mfuko wa sukuma wiki, na kuuondoa kwatosha. Huenda pia barafu imeota nyuma ya ubao ikaishika feni. Hapo friji huzimwa na kuachwa milango wazi kwa siku nzima na usiku wake. Ikipona na isirudie, mlango ndio uliosahauliwa wazi. Ikipona kwa juma moja au mawili kisha ikaugua tena vile vile, basi kile kipashia moto kiyeyushacho barafu, au saa yake, kimekufa, na huo ni mzigo wa fundi.

Jambo jingine ni la watu wa nyanda za juu peke yao, na wauzaji wa mjini hawalisemi. Molo iko juu karibu meta 2,500 kutoka usawa wa bahari, wakati Nakuru iko kwenye meta 1,850 hivi, na Julai usiku wa Molo ni wa kuvaa koti ndani ya nyumba. Friji nyingi zenye friza huwa na themostati moja tu, tena iko katika sehemu ya chini. Nyumba ikiwa na baridi ya digrii 8 au 10, themostati huona kuwa chini tayari kuna baridi ya kutosha, nayo haiamuru kompresa kuamka. Friza juu yaanza kuyeyuka, nyama yalainika, na mwenye nyumba akizungusha kitufe haoni mabadiliko. Mtu wa namna hiyo akimwita fundi, fundi aweza kufungua, kutia gesi na kulipwa, na Septemba joto likirudi friji itapona, na gesi itapewa sifa isiyo yake. Dawa ni kuihamishia friji katika chumba chenye uvuguvugu, kama vile jikoni mbali kidogo na moto.

Hata friji iliyo nzima kabisa yaweza kushindwa na kazi isiyo yake. Imetengenezwa ili kuhifadhi vitu vilivyokwisha kupoa, wala si tangi la ushirika. Mkulima atiaye ndani yake mkebe wa lita 10 uliotoka zizini sasa hivi ametia kitu kama jiko dogo. Itahitaji saa nyingi, pengine usiku kucha, kuyapoza maziwa hayo, na kwa muda huo maziwa, nyama na dawa za mifugo zilizo ndani zitapata joto pia. Yafaa mkebe usimamishwe kwanza katika beseni au karai la maji baridi, maziwa yakorogwe mara kwa mara kwa kijiko kisafi, na maji yabadilishwe yakipata uvuguvugu. Maji ya digrii 18 huyashusha maziwa kutoka 37 hadi karibu na 20, na hiyo ni nusu ya kazi yote, imefanyika bila tokeni. Kisha yagawanywe katika mikebe midogo ya chuma yenye vifuniko, yenye nafasi kati yake, ndipo yaingizwe.

Haifai kuzisahau zile friji za mafuta ya taa, zilizotumika sana katika mashamba ya mbali kabla ya nguzo kufika. Asili yake ni uvumbuzi wa wanafunzi wawili wa mjini Stockholm, nchini Sweden, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922. Kampuni ya Electrolux ikaanza kuziuza mwaka 1925. Hazina kompresa wala kitu chochote kinachozunguka. Moto mdogo huchemsha amonia iliyo katika maji, na amonia hiyo, ikisaidiwa na haidrojeni, ndiyo ichukuayo joto. Ajabu ya watu wengi ni kwamba moto waweza kuleta barafu. Friji ya namna hii isipopoa, kwanza itazamwe kama imesimama sawasawa, maana vimiminiko vyake hutembea kwa uzito wake tu, na ikiinama husimama. Pili, moto uwe wa buluu. Ukiwa wa manjano wenye moshi, utambi wapaswa kukatwa sawa na bomba la moshi kusuguliwa masizi. Ikiwa hayo yote ni mazuri na bado haipoi, wazee wa kazi hiyo huondoa tangi la mafuta, hupindua friji kichwa chini kwa saa kadhaa, huisimamisha tena na kuiacha itulie siku nzima kabla ya kuiwasha. Vimiminiko vilivyojitenga huchanganyika upya, na mara nyingi hupona. Lakini pakiwa na harufu kali ya amonia ichomayo pua, na itolewe nje mahali penye hewa, wala isiwashwe tena.

Baada ya hayo yote ndipo zamu ya gesi ifikapo. Dalili zake ni hizi: kompresa haikomi na mwili wake wachoma mkono, lakini mabomba ya mgongoni, ambayo yangepaswa kuwa na moto, hayana hata uvuguvugu, na barafu huota katika pembe moja tu ya kisanduku. Tena panapo tundu aghalabu pana doa la mafuta, kwa kuwa mafuta ya kompresa hutoka pamoja na gesi. Mwenye friji aliyekwisha kuona dalili hizo aweza kusema na fundi kwa lugha ya fundi. Na amwulize tundu liko wapi, ataliziba kwa nini, na kama ataondoa hewa yote mabombani kwa pampu kabla ya kutia gesi mpya na kuipima kwa mizani. Fundi mwema hufurahia maswali hayo. Akikasirika, wako wengine Nakuru.

Aina ya gesi imeandikwa katika kibati kilichobandikwa nyuma au ndani, pamoja na uzito wake. Friji za kale sana zina R12. Gesi hiyo ilipatikana kuwa yaharibu tabaka la ozoni ikingalo dunia na mionzi mikali ya jua, na kwa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 mataifa yalikubaliana kuiacha. Kufikia mwaka 2010 hata nchi zinazoendelea zilitakiwa kuwa zimekoma. Friji zilizofuata zilitumia R134a, ambayo haigusi ozoni lakini huongeza joto la dunia, na katika mkutano wa Kigali wa Oktoba 2016 iliamuliwa kuwa gesi za namna hiyo zipunguzwe hatua kwa hatua. Friji nyingi mpya hutumia R600a, iliyo jamaa ya gesi ya kupikia, na yaweza kuwaka. Gesi hizi hazibadilishwi ovyo, maana kila moja hutaka mafuta yake katika kompresa na kipimo chake. Fundi atiaye iliyopo mkononi bila kusoma kibati aiue kompresa kwa muda wa miezi michache.

Na kama kompresa yenyewe imekufa katika friji yenye umri wa miaka 20 au zaidi, hesabu yapaswa kufanywa bila huruma. Kompresa, gesi na ufundi vikijumlishwa huenda vikakaribia bei ya friji nyingine iliyotumika iliyo nzima, nayo ya kale bado itakula tokeni nyingi kuliko mpya. Friji iachwayo nyuma ya ghala na ing'olewe mlango siku ile ile. Zile za kale zenye komeo la nje hazifunguki kutoka ndani, na mtoto ajifichaye humo kwa mchezo hupungukiwa na hewa upesi.

Lakini wengi hawatafika huko. Friji iliyosuguliwa mgongo, ikaoshwa mpira na kuyeyushwa barafu, huwashwa ikiwa tupu, na kikombe cha maji chenye kipimajoto huwekwa katika rafu ya kati. Kikombe ni bora kuliko kupima hewa, maana hewa hubadilika kila mlango ufunguliwapo. Huachwa usiku mmoja bila kufungua. Asubuhi kipimo kikisoma digrii 4, au chini ya hapo bila maji kuganda, maziwa ya jioni hiyo yaweza kuingia. Kikisoma 9 au 10, kitufe huzungushwa hatua moja, na usiku mwingine hungojwa. Kikisoma 15 baada ya usiku wa pili, basi fundi na aitwe, na aambiwe yote yaliyokwisha kufanywa, kabla hajasema neno juu ya gesi.